Kemia Niliyoikimbia Ilikuwa Kwa Shamba ya Shosho

Wasee, wa kunitusi anitusi, lakini kemia ya shule inatuibia. Mimi niliiacha mara tu niliporuhusiwa kuiacha. Nilikuwa nimekariri kwamba esta zina harufu ya matunda, na sikuwahi kunusa hata moja.

Sasa shosho wangu, huko Vihiga, amezungusha mahindi yake na nyasi ya nepia, na katikati ya mistari kuna desmodiamu. Nilimcheka. Nilidhani ni chakula ya ng'ombe tu. Kumbe ni sukuma-vuta, kazi ya icipe pale Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na Rothamsted ya Uingereza tangu miaka ya 1990. Desmodiamu inamfukuza nondo anayezaa wale viwavi wa kutoboa shina, nepia inamvuta pembeni. Giza likiingia, saa ile nondo anatafuta pa kutaga, nepia inamwaga harufu kuliko mahindi. Anataga huko, na viwavi wake wengi wanakufa hukohuko.

Walijuaje? Unafunika majani na mfuko, unapitisha hewa safi, harufu inanaswa kwa kijibomba. Unaiosha na kiyeyushi, unaingiza kwa mashine ya gesi kromatografia. Ndani kuna mrija mwembamba ajabu, mara nyingi mita 30, umekunjwa kama waya. Kila kemikali inatoka kwa wakati wake, halafu masi spektrometa inaivunja na kupima vipande. Lakini hii ndiyo iliniua: wanachukua kipapasio cha nondo na kukiunganisha na waya. Kemikali ikitoka na kipapasio kishtuke, grafu inaruka. Yaani mashine inaona vitu kibao, nondo ndiye anasema ni gani zina maana.

Najua mtasema, si apige tu dawa? Kiwavi akishaingia ndani ya shina dawa inamfikia aje? Na kila msimu unanunua tena, wakati desmodiamu ukiipanda inakaa miaka. Sawa, msimu wa kwanza palizi inachosha, na kama shamba ni la kukodi msimu mmoja, hesabu haikubali. Hapo mko sahihi.

Lakini shule iliyo na mahindi nyuma ya maabara inanifunza harufu kwa ubao, kweli?

Likizo hii nilisimama kando ya nepia saa moja jioni, nikanusa. Nilisikia nyasi tu. Shosho akatoka jikoni na tochi.

"Mjukuu wangu, umepoteza simu?"