Koko anakula peke yake: mahali pa kulia chakula na afya ya wazee wa Yanonge

Huku Yanonge, kando ya mto Kongo, chini kidogo ya Kisangani, wazee karibu wote wanazeekea nyumbani, kati ya watoto na wajukuu. Watu wengi wanafikiri hiyo inatosha: mzee iko na familia, hawezi kukosa chakula. Lakini kuko swali ambalo halitoki mara nyingi: analia wapi, na anakula na nani?

Jambo hili lilipimwa Uholanzi, katika nyumba tano za kutunzia wazee. Matokeo yalitoka mwaka 2006 katika gazeti la waganga la Uingereza, BMJ. Wazee 178 waligawanywa makundi mawili kwa miezi sita. Kundi moja liliendelea kuletewa sahani zilizopakuliwa tayari. Lingine liliandaliwa meza yenye kitambaa, vyombo vya chakula vikawekwa katikati, kila mtu akajipakulia, na watunzaji wakakaa nao. Saa ya kula hakuna dawa, hakuna wageni wa kusumbua. Mwishoni, wale wa meza walishika uzito na nguvu zao, wale wa sahani tayari walirudi nyuma. Tofauti ya uzito ilikuwa karibu kilo moja na nusu.

Sababu si uchawi. Umri ukienda, ulimi na pua vinapoteza nguvu, meno yanapungua, njaa na kiu havisikiki kama zamani. Chakula peke yake hakimwiti tena mzee. Watu ndio wanamwita. Akiwa na wenzake anakaa zaidi, anaongea, anaongeza kipande. Akiwa peke yake anaonja mara mbili, anasukuma sahani. Mwili ukikonda, anaanguka haraka, kidonda kinachelewa kupona, na ugonjwa mdogo unamlaza.

Sasa turudi nyumbani. Vijana wanashuka mashambani au wanapanda Kisangani kutafuta maisha. Koko anaachiwa lituma au sombe iliyopoa, nyuma ya nyumba, penye moshi wa jiko, kwenye kiti kifupi ambacho magoti hayakubali. Kuko pia ubaya mwingine: mzee anayeshukiwa ulozi anapewa sahani yake peke yake, na watoto wanakatazwa kula naye. Hapo njaa inaanza na upweke, haianzi na sufuria.

Sheria haikunyamaza. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na kifungu cha 40 kinasema watoto wana wajibu wa kusaidia wazazi wao. Serikali bado iko na deni lake: vituo vya afya, dawa, barabara. Lakini deni la meza ni la familia.

Na halidai pesa nyingi. Kiti chenye mgongo. Maji ya kunawa karibu. Samaki aliyetolewa miiba, lituma laini. Chakula kabla giza halijaingia. Na mtu mmoja, hata mjukuu, wa kukaa pale mpaka koko amalize. Nyumba isiyoweza kuongeza nyama inaweza kuongeza mtu.