Mzee akianguka, usikimbilie mashine

KUNA siri moja ambayo wazee wengi huwaficha watoto wao: kwamba wameanguka. Mama aliyekuja mjini kukaa na wajukuu atateleza bafuni penye maji ya sabuni, ajizoezoe, aketi kitandani na kunyamaza. Ukimwona akichechemea kesho yake, atakwambia ni baridi tu imemwingia magotini. Kunyamaza kwake si kwamba haumii. Anachelea kukatazwa kwenda sokoni peke yake, na kufanywa mtoto katika nyumba ya mwanawe.

Nasi tukigundua, aghalabu husema, "Ni uzee huo," tukaendelea na hamsini zetu. Msomaji mpenzi, kauli hiyo ni ya hatari. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, watu wapatao 684,000 hufariki duniani kila mwaka kutokana na kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye mapato ya chini na ya wastani, kama yetu, na walio katika hatari kubwa zaidi ni waliopita umri wa miaka 60. Hapa Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu wazee milioni 2.7 wa umri huo. Mmoja wao akivunjika nyonga, familia nzima huingia katika michango ya operesheni, na wengi hawatembei tena kama walivyotembea awali.

Penye hofu hapakosi mchuuzi. Siku hizi kuna mashine inayosifiwa kwamba humrudishia mzee uthabiti wa miguu bila jasho. Ni ubao wa kusimamia unaotetema kwa nguvu za umeme. Mzee husimama juu yake dakika chache, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, naye hutetemeshwa kuanzia nyayo hadi kichwani. Je, ni dawa ama ni bidhaa tu?

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Ndani ya misuli mna vinyuzi vidogo vinavyohisi kila misuli inapovutwa. Daktari akikugonga chini ya goti kwa kinyundo, mguu huruka wenyewe, kwa kuwa vinyuzi hivyo vimepeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao ukaamuru misuli ijikaze. Ubao huo hufanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo, ila kwa haraka mno: huvuta misuli kidogo kidogo makumi ya mara kwa kila sekunde. Fikira yenyewe si ngeni. Zaidi ya karne moja iliyopita, daktari John Harvey Kellogg wa Marekani, ambaye jina la ukoo wake limeandikwa kwenye pakiti za vyakula vya asubuhi, alikuwa na viti vya kutetemesha wagonjwa katika hospitali yake mjini Battle Creek.

Matumaini mapya yalitokana na kondoo. Mnamo 2001, wanasayansi wa Marekani walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyowasimamisha kondoo juu ya ubao unaotetema taratibu, dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwaka mzima. Sehemu ya ndani ya mifupa ya mapaja yao ilikuwa nzito kwa asilimia 34 kuliko ya wenzao ambao hawakutetemeshwa.

Lakini binadamu si kondoo. Katika uchunguzi mwingine uliochapishwa 2015, wazee 174 wa eneo la Boston, wenye wastani wa umri wa miaka 82, walifuatiliwa kwa miaka miwili. Baadhi walisimama juu ya ubao unaotetema na wengine juu ya ubao wa mfano tu. Mifupa ya waliotetemeshwa haikuwa bora kuliko ya wenzao.

Kwa upande wa kuanguka, habari ni njema kidogo. Huko Hong Kong, wanawake 710 wenye zaidi ya miaka 60 walishirikishwa katika utafiti wa miezi 18 uliochapishwa 2014. Waliotumia ubao dakika 20 kwa siku, asilimia 18.6 waliripoti kuanguka au kuvunjika. Kwa wale ambao hawakuutumia, ilikuwa asilimia 28.7. Ilionekana kuwa miguu ya waliotumia ubao ilipata nguvu.

Hata hivyo, tuangalie vizuri mashine hiyo ilishindanishwa na nini. Ilishindanishwa na kuishi kama kawaida. Haikushindanishwa na mazoezi. Na hapo, msomaji, ndipo penye kiini cha mambo, kwa sababu mazoezi yana ushahidi mzito zaidi. Mnamo 2019, watafiti wa shirika la Cochrane walijumlisha matokeo ya tafiti 108 zilizohusu zaidi ya watu 23,000. Walipata kwamba mazoezi hupunguza visa vya kuanguka kwa asilimia 23 hivi. Yaliyofaa hasa ni yale ya kuufundisha mwili kusimama bila kuyumba. Nchini New Zealand, mpango uitwao Otago, ulioanza miaka ya 1990, uliwafundisha wazee mazoezi ya kufanyia nyumbani kwao, nao ulipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 35. Haukuhitaji mashine yoyote ya umeme.

Isitoshe, mtetemo si wa kuchezewa. Madereva wa matrekta na malori makubwa wanajua vile migongo inavyowauma baada ya miaka ya kutikiswa. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, aliyevunjika mfupa karibuni, aliyeganda damu mguuni, mwenye kifafa au aliyewekewa nyonga ya bandia asipande ubao huo kabla ya kumwona daktari wake.

Kwa hivyo, kama hospitali iliyo karibu nawe ina ubao huo na mtaalamu wa viungo anausimamia, si vibaya mzee kuutumia pamoja na mazoezi mengine. Bali kuchukua mkopo wa chama ili kununua wa nyumbani, hilo sikushauri.

Badala yake, tumia meza nzito ya jikoni isiyosogea. Mzee aishike kwa mikono miwili, asimame nyayo zikiwa pamoja, ahesabu hadi kumi. Akizoea, aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine. Baadaye asimame kwa mguu mmoja, kisha abadilishe. Halafu aketi kwenye kiti imara na kuinuka mara tano, pole pole, asitumie mikono kama anaweza. Afanye hivyo siku tatu kwa wiki, na kila mara mtu mzima asimame karibu naye. Aliyewahi kuanguka, au anayepatwa na kizunguzungu, aanzie kwa daktari, ambaye pia atazame dawa anazomeza. Dawa za usingizi na za presha huweza kumyumbisha mtu.

Nyumba nayo ikaguliwe. Bafuni pawe na mpira usioteleza na chuma cha kushika. Malapa yaliyolika yatupwe. Kamba ya stima isipite katikati ya sebule, na tochi iwe karibu na kitanda cha nyanya, maana usiku taa zikipotea ndipo miguu hupotea.

Nanyi wanafunzi mlio likizoni, kazi hii ni yenu. Dakika kumi na nyanya au babu kando ya meza hazitawapunguzia masomo, na hadithi mtakazopata hamtazisoma katika kitabu chochote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla ya habari za saa moja, muulize mzazi wako kwa upole: "Mama, umewahi kuanguka mwezi huu?" Akikubali kwamba ameanguka, usimkemee wala usimfungie ndani. Msogezee kiti, mwende mezani mkaanze.