Wakili Akikaa Kimya

Kwenye futari ya jumuiya mwaka huu dada mmoja alinivuta pembeni, karibu na masufuria, akaniuliza kama ninamfahamu wakili mwingine. Talaka yake ina mwaka na miezi minne. "Umemwandikia huyo uliye naye?" nikamuuliza. Akacheka. "Nimempigia, kaka, mpaka yule binti wa mapokezi ananijua kwa sauti."

Sisi ni watu wa simu, na wa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Isitoshe, tumekua tukimwita wakili mheshimiwa, na mheshimiwa hasumbuliwi. Lakini simu isiyopokewa haibaki kwenye faili. Barua pepe inabaki, na tarehe yake.

Tusimwonee mtu: kuchelewa si lazima kuwe uzembe. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, England na Wales, hutakiwi tena kuieleza mahakama nani kamkosea nani. Hata hivyo zipo wiki 20 za kungoja tangu mahakama ifungue shauri hadi kuomba amri ya kwanza, kisha wiki 6 na siku moja kabla ya kuomba ya mwisho. Na wakili mwangalifu anaweza kukushauri usiiombe hiyo ya mwisho mpaka nyumba na pensheni ziwe zimeamuliwa, kwa sababu ikishatoka wewe si mke wala mume tena, na haki za mjane kwenye pensheni ya mwenzio huenda zikapotea. Ushauri mzuri huo. Ila ni wa kuambiwa mteja, si wa kukaa nao ofisini. Kwa aliye nje, wakili anayesubiri kwa sababu na wakili aliyekusahau hawana tofauti.

Wengine wetu tunauvumilia ukimya huo kwa kuwa moyoni tumeshaachana. Talaka ilitamkwa, wazee walikaa, eda ikaisha. Kwa serikali ya huku ndoa iliyosajiliwa bado ipo, na mtu huja kushtuka siku anapotaka kuoa tena au kununua nyumba.

Basi andika. Taja namba ya shauri, uliza ni nini kimepelekwa mahakamani na lini, kinachofuata ni nini, na gharama zimefika wapi. Weka siku unayotaka kujibiwa. Siku hiyo ikipita, andika tena, na safari hii useme waziwazi kwamba hili ni lalamiko. Neno hilo lina kazi. Kila ofisi ya mawakili inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko, na inapewa wiki 8 kujibu. Zikipita kimya, au jibu lisipokuridhisha, unakwenda Legal Ombudsman, bila kulipa hata senti. Ukishapewa jibu la mwisho una miezi 6 ya kufika huko, na kwa kawaida jambo lenyewe lisiwe limepitisha mwaka mmoja. Wao wanashughulikia huduma mbovu; ukishuku udanganyifu au fedha zako kuliwa, mlango ni wa Solicitors Regulation Authority.

Kubadilisha wakili unaruhusiwa wakati wowote, ila ukiwa na deni anaweza kulishikilia faili mpaka ulipe. Ndiyo maana hesabu iombwe mapema. Na talaka isiyo na ugomvi wa mali, wapo wanaoimaliza wenyewe kwenye mtandao wa mahakama bila wakili yeyote. Aliye na wakili tayari anaijulisha mahakama kwa fomu FP8 kwamba sasa anajisimamia.

Yule dada aliogopa kwamba wakili akikasirika atamharibia kesi. Nikamwambia anayelipwa ni nani na anayelipa ni nani. Tukakaa jikoni, sahani zikioshwa, akaandika barua yake kwenye simu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "samahani" nne. Tukafuta tatu.