Daftari la Wiki: Mahali pa Kupata Namba

Upepo umevuma wiki nzima juu ya tambarare za Kisongo, na vumbi la barabara iendayo Makuyuni na Dodoma limepanda hata likauficha Mlima Meru kuanzia kiunoni kwenda chini. Lakini vijana wachezao kandanda nyakati za alasiri, wakiisha kurudisha ng'ombe zizini, hawakusitisha mchezo wao. Miongoni mwao yuko mmoja ambaye mguu wake wa kushoto una maarifa yasiyofundishika, naye sasa ana mialiko miwili: mmoja watoka katika kikosi cha vijana cha klabu kubwa ya Dar es Salaam, na wa pili watoka katika shule ya mkoani isiyo na sifa mjini, yenye bweni, uwanja, na mwalimu anayejua kazi yake. Kijana ameichagua shule. Mjomba wake alinijia akiwa na huzuni ya dhati, akasema, "Mzee, wewe ni mtu wa magazeti, mwambie mwanangu ukweli. Mtu anaitwa na wakubwa, naye anakwenda kujificha kwa wadogo?" Nilimwomba anipe wasaa wa kulifikiri jambo hilo, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wajomba wengine wenye huzuni kama yake.

*

Nianze na Mbwana Samatta. Alipokwisha kutwaa Ligi ya Mabingwa wa Afrika akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2015, na Januari 2016 akatawazwa mjini Abuja kuwa mchezaji bora wa mwaka miongoni mwa wachezao ndani ya bara hili, wengi walitaraji kumwona punde katika majiji makubwa ya kandanda ya Ulaya. Naye akaenda Genk, mji wa Ubelgiji ambao wakazi wake hawafiki laki moja, uliokua kwa makaa ya mawe, na ambao klabu yake ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganishwa timu mbili za vitongoji vya wachimba migodi, Waterschei na Winterslag, mwaka uleule ambao mgodi wa mwisho wa mji huo ulifungwa. Ni mji mdogo, lakini klabu yake ina jicho kali. Kevin De Bruyne aliingia hapo akiwa na umri wa miaka 14. Thibaut Courtois alilelewa hapo. Kalidou Koulibaly na Wilfred Ndidi walipita hapo kabla majina yao hayajavuma.

Klabu ya namna hiyo haina uwezo wa kumnunua mtu aliyekwisha iva, basi hapana budi imtafute angali mbichi, imlee, imchezeshe mbele za watu, kisha imwuze kwa faida. Na maadamu riziki yake hutegemea kuiva kwa kijana, maslahi ya klabu na maslahi ya kijana huwa kitu kimoja. Klabu kubwa haina haja hiyo. Kijana akichelewa kuiva, itanunua mwingine msimu ujao, wala haitapata hasara ya kuhisiwa. Naamini hapa ndipo lilipo jibu la swali la mjomba: mwenye kipawa hamkimbii mkubwa kwa woga, bali humfuata yule ambaye atapata hasara endapo yeye atashindwa.

Samatta alikaa Genk miaka minne. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, klabu ikatwaa ubingwa wa Ubelgiji, naye akapewa kiatu cha tuzo wanachopewa wachezaji bora wenye asili ya Afrika katika nchi ile. Na Novemba 2019 alifunga kwa kichwa katika uwanja wa Anfield dhidi ya Liverpool, bao ambalo katika vibanda vya kuonyeshea mpira vya hapa Arusha lilipokelewa kwa vifijo kana kwamba limefungwa na mtoto wa kila aliyekuwamo. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza; alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga tena Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwenda Uturuki. Fahari ile ilikuwa yetu sote, nami siipunguzi hata chembe. Lakini mwenye kutaka kujua ni wapi Samatta alipojengwa na ni wapi alipoonyeshwa tu, na alinganishe miaka minne ya Genk na ile miezi michache ya Aston Villa.

*

Kelvin John wa Morogoro, aliyeichezea Serengeti Boys katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Dar es Salaam mwaka 2019, hakwenda moja kwa moja katika klabu ya Ulaya, kwa kuwa kanuni za FIFA hukataza, isipokuwa kwa sababu chache, kumhamisha mchezaji kutoka nchi hata nchi kabla hajatimiza miaka 18. Alikwenda kusoma Brooke House College, shule iliyoko Market Harborough, mji mdogo wa soko katika jimbo la Leicestershire, ambako darasa na mazoezi vilikwenda pamoja; na alipotimiza umri mwaka 2021, Genk ikamchukua. Alikwenda kule mvulana wa miaka 16, katika nchi ya baridi na lugha ngeni, na alichohitaji kuliko jina kubwa begani ni mtu wa kugundua kwamba leo hakula.

*

Mzee mmoja msomaji wangu, mpenzi wa riadha, amenikumbusha kwamba jambo hili si geni katika pande zetu hizi za kaskazini, na kwamba wanariadha walilijua kabla ya wacheza mpira. Gidamis Shahanga wa Hanang, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, na Suleiman Nyambui wa Mara, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, wote wawili walisoma katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mji wa jangwani ulio mpakani mwa Mexico, ambao si wengi waliokuwa wakiutaja walipozungumza habari za vyuo vya Marekani. Henry Rono wa Kenya naye alikuwa mwanafunzi wa Pullman, mji mdogo kabisa katikati ya mashamba ya ngano ya jimbo la Washington, alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978.

Waama, vyuo hivi havikuwachukua Waafrika kwa hisani tupu. Vyuo vyenye adhama vilipata vijana wa kwao waliotaka jina lao. Vile vya pembezoni, vilivyokosa jina, vilitupa macho mbali zaidi, na vikampokea mtu ambaye wengine walimpita bila kumwona. El Paso ilikuwa na historia ya kufanya hivyo: chuo hicho, kilipoitwa Texas Western, kilitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 1966 kwa kuwaanzisha uwanjani wachezaji watano weusi dhidi ya Kentucky, iliyokuwa na weupe watupu. Katika kandanda ninaye Lawrence Olum wa Nairobi, aliyepitia Missouri Baptist, chuo kidogo cha kidini mjini St. Louis, na hata hivyo akafika ligi kuu ya Marekani.

*

Sasa nirudi nyumbani, maana mjomba hakuniuliza habari za Texas. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na mapenzi ya nchi hii kwa klabu hizo mbili ni makubwa hata mzazi akisikia mojawapo imemtaja mwanawe huona dua zake zimekubaliwa. Lakini watu kumi na mmoja ndio huingia uwanjani, na klabu inayopigania ubingwa kila msimu haina subira ya kungoja kosa la mtoto wa miaka 18 liwe funzo kwake. Hununua mtu wa nje aliyekomaa, na mtoto husugua benchi, kisha hutolewa kwa mkopo, kisha husahauliwa. Nawajua kwa sura vijana wa mkoa huu walioondoka na maandamano na kurudi kimya, miguu yao mizima, ari yao imevunjika. Kumbe Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari katikati ya miwa ya Turiani, ilitwaa ubingwa wa nchi mfululizo mwaka 1999 na 2000. Wala Samatta mwenyewe hakuanzia Simba, bali alitokea Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, ndipo Simba wakamwona.

Hata hivyo namwonya kijana asidhani kwamba udogo peke yake ni fadhila. Ziko timu ndogo ambazo ni makaburi ya vipaji: mshahara hauji, kocha hubadilishwa kila mwezi, na mkataba huandikwa kwa namna ambayo mchezaji hawezi kutoka wala hawezi kubaki. Amwulize huyo mwalimu wa mpira, kwa staha lakini bila haya: waliotangulia mbele yangu wako wapi sasa, na nani aliwachukua? Asiyeweza kutaja hata mmoja, huyo aachwe.

*

Nikiwa bado namfikiria kijana huyo, nilipita uwanja wa Sheikh Amri Abeid siku ya Alhamisi. Twautaja kila mara, na vijana wengi hawajui kwamba mwenye jina hilo, Sheikh Kaluta Amri Abedi, alikuwa mshairi na mwandishi wa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kisha akawa waziri, akafariki mwaka 1964. Napenda sana kwamba mpira wa Arusha unachezwa chini ya jina la mtu wa vina na mizani. Uwanja mpya unaojengwa Olmoti kwa ajili ya fainali za Afrika za 2027 utachukua watu wapatao 30,000. Naomba siku moja vijana wa tambarare hizi wauchezee, si kuutazama tu.

*

Neno kwa viongozi wa timu za vijiji. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha hizo hutengwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu msimu alipotimiza miaka 12 hata miaka 23, kila moja kwa kadiri ya muda aliokaa nayo. Fungu hilo ni haki ya timu ndogo kama ilivyo ya kubwa, lakini hulipata ile tu iliyosajiliwa katika shirikisho, yenye kuthibitisha kwa maandishi kwamba kijana alikuwa wake, kuanzia tarehe fulani hata tarehe fulani. Hapa kwetu majina ya wachezaji huandikwa nyuma ya daftari la michango, au hayaandikwi kabisa. Kijana wa mguu wa kushoto anaondoka shule zikifunguliwa. Nimemwomba katibu wa timu yake akamsajili kabla ya siku hiyo, naye ameahidi kwenda ofisi ya chama cha mpira cha wilaya Jumatatu, akiwa na cheti cha kuzaliwa na picha mbili.