Kiswahili Kisibaki Nje ya Karakana ya Tovuti

Miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili humu nchini pana dhana iliyokita mizizi kwamba programu za kompyuta ni milki ya wahandisi, na kwamba mwanaisimu hana la kufanya humo mpaka atakapoombwa kubuni istilahi. Dhana hii ni potofu, tena madhara yake ni makubwa kuliko tunavyokisia. Nitaeleza kwa mfano wa programu moja, Django, ambayo watumiaji wengi wa tovuti hawajapata kulisikia jina lake ingawa huenda wanahudumiwa nayo kila siku.

Django ni kiunzi cha kuundia tovuti. Kama vile mwashi asivyolazimika kufyatua kila tofali kwa mkono wake, mjenzi wa tovuti naye hana haja ya kuandika upya sehemu ya kusajili watumiaji, ya kupokea fomu, wala ya kuhifadhi kumbukumbu. Vitu hivyo huvikuta tayari ndani ya kiunzi, akaongeza vyake. Kazi hii ilianza mwaka 2003 katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, jimboni Kansas, Marekani, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakiunda tovuti za gazeti hilo kwa kutumia Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu. Makataa ya gazeti hayamngoji mtu, hivyo wakajitengenezea zana za kuharakisha kazi. Julai 2005 zana hizo zilitolewa kwa umma kwa leseni inayomruhusu yeyote kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza bila malipo. Zilipewa jina la Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri wa muziki wa jazi. Mwaka 2008 uliundwa wakfu wa kuusimamia mradi huo, na mwaka huohuo likatoka toleo la 1.0.

Kinachopaswa kutuvutia sisi walimu wa lugha ni jinsi kazi hiyo inavyoendelezwa hadi leo. Toleo jipya hutolewa kila baada ya takriban miezi minane: toleo la 5.0 lilitoka Desemba 2023, la 5.1 Agosti 2024, na la 5.2 Aprili 2025. Baadhi ya matoleo, kama hilo la 5.2, huahidiwa kutunzwa kwa muda wa miaka mitatu ili wanaoyategemea wasitaabike. Isitoshe, jambo la zamani likiamuliwa kuondolewa halifutwi kwa ghafla. Kwanza hutolewa onyo, kisha jambo lenyewe huachwa lidumu kwa matoleo kadhaa ndipo liondolewe, nayo sababu huandikwa wazi kila mtu akaisoma.

Linganisha utaratibu huo na namna tunavyoiendesha lugha yetu. Kiswahili kimekuwa kikisanifishwa tangu ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, lakini hadi leo mwanafunzi wa Kenya hukuta kitabu kimoja kikisema tarakilishi, kingine kompyuta, na cha tatu ngamizi. Hakuna aliyemwonya kwamba neno moja linaondoka na jingine linaingia, wala hakuna aliyemweleza kwa nini. Wahandisi tunaodhani hawajali lugha wamewatendea watumiaji wao kwa heshima kubwa kuliko sisi tulivyowatendea wanafunzi wetu.

Wala si kweli kwamba wahandisi hao hawashughuliki na maneno. Mwaka 2014 ulizuka mjadala mkali kuhusu istilahi zilizozoeleka katika fani ya hifadhidata, ambako hifadhi kuu iliitwa bwana na zile zinazoinakili zikaitwa watumwa. Baadhi ya washiriki walisema lugha hiyo inaumiza, wengine wakasema ni mazoea tu ya kiufundi. Mwishowe istilahi hizo ziliondolewa kwenye maelezo ya Django. Kwanza ziliwekwa zenye maana ya kiongozi na mfuasi, kisha zenye maana ya hifadhi kuu na nakala. Hilo lilikuwa suala la semantiki na pragmatiki, na waliolijadili hawakuwa na kiti cha isimu katika chuo chochote.

Sasa tuje nyumbani. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha ambazo Django imetafsiriwa. Kihispania kina faili kadhaa, zikiwamo za Ajentina, Meksiko na Kolombia, na Kireno cha Brazili kina yake. Kiswahili kina faili moja tu, inayomhudumia Mkenya, Mtanzania na Mkongomani kwa pamoja. Naona hilo ni jema, wala sipendekezi tuligawe. Lakini faili moja ina maana kwamba ugomvi wetu wa tarakilishi na kompyuta hauwezi kuachwa ukining'inia. Mmoja ataandika neno analolijua, na neno hilo ndilo litakalosomwa na wote. Anayefanya kazi ndiye anayeamua. Anayelalamika darasani haamui lolote.

Tatizo halikomei kwenye msamiati. Ujumbe mwingi wa Django uliandikwa kwanza kwa Kiingereza, na sarufi ya Kiingereza imejificha ndani yake. Chukua ujumbe unaomwarifu mtumiaji kwamba kitu fulani kimeongezwa. Katika Kiingereza sentensi huachwa na pengo la jina, na kitenzi hakibadiliki hata pengo likijazwa jina gani. Katika Kiswahili kitabu kimeongezwa, mwanafunzi ameongezwa, gari limeongezwa, nyumba imeongezwa. Pengo ni lilelile, lakini upatanisho wa kisarufi hukataa sentensi moja kuwafaa wote. Mfasiri asiye makini atachagua kiambishi kimoja, kisha mwalimu mkuu aone kwenye skrini ya shule yake kwamba mwanafunzi "imeongezwa".

Mwanaisimu huliona suluhisho papo hapo: mfanye mtumiaji awe kiima. "Umeongeza kitabu", "umeongeza mwanafunzi", "umeongeza gari". Upatanisho unahamia kwa nafsi ya pili, nalo pengo linabaki salama. Hata hivyo, si kila fundo hufunguka kwa wepisi huo. Liko neno moja la Kiingereza, lenye maana ya vyote, linalosimama peke yake juu ya orodha za kuchuja kumbukumbu. Je, tuandike wote, yote, zote au vyote? Mfasiri hawezi kujua orodha itakuwa ya watu au ya vitabu. Hapa tafsiri pekee haitoshi. Inabidi muundo wenyewe wa programu uguswe, na hauwezi kuguswa na mtu asiyekuwamo karakanani.

Kuna na suala la saa. Fomu za sehemu ya usimamizi humpa mtumiaji nyakati za kuchagua, mojawapo ikiwa ni ile tunayoiita saa kumi na mbili asubuhi. Akiichagua, kisanduku hujazwa 06:00. Tukitafsiri kwa kufuata tarakimu, tutamwambia Mswahili kwamba ni saa sita. Tukitafsiri kwa kufuata desturi, atasoma kumi na mbili na kuona sita imeandikwa. Muuguzi anayeandika saa ya mgonjwa kurudi kliniki hawezi kuachiwa fumbo la namna hiyo. Uamuzi wowote tutakaoufikia hauna budi kutokana na utafiti wa jinsi wasemaji wanavyosoma saa za tarakimu.

Najua watakaosema kwamba Kiingereza kinatosha, kwani kila ajuaye kutumia tovuti anakijua. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zamani, tovuti zilipokuwa anasa ya wachache. Leo huduma nyingi za serikali zimehamia huko, na mwananchi asiyezielewa hulazimika kumlipa mtu amsomee na kumjazia fomu, hivyo siri zake zikapita mikononi mwa mgeni. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi huo hauna maana ukiishia karatasini.

Wengine watauliza kwa nini tufanye kazi ya bure ilhali makampuni makubwa yanatajirika kwayo. Swali hili ni la haki. Ni kweli kwamba Instagram ilijengwa kwa Django, na ni kweli pia kwamba wakfu wa Django huwalipa watu wachache mno, kazi iliyobaki ikiwa ya kujitolea. Lakini waliosema kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa hawakukosea. Wanafunzi wetu wa kompyuta hujifunza kwa zana hizi bila kutoa senti. Tena tafsiri tunayoifanya haimilikiwi na kampuni yoyote: zahanati ya kijijini inaitumia kwa haki ileile kama tajiri wa California.

Wala hatuanzi na shamba ambalo halijalimwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini kwa Kiswahili. Novemba 2023 kongamano la Afrika la watumiaji wa Django lilifanyika Zanzibar, na la mwaka 2025 likafanyika Arusha. Wahandisi wamekuja hadi kwenye chimbuko la Kiswahili sanifu. Je, idara zetu za Kiswahili zilituma wangapi?

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, vyuo viwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika isimu na tafsiri kuwasilisha tafsiri ya sehemu ya programu huria, pamoja na maelezo ya maamuzi yao, iwe mradi wa kutahiniwa. Pili, walimu wa Kiswahili na wa kompyuta katika shule za upili waungane katika chama kimoja cha wanafunzi, ili anayejua ngeli akae kando ya anayejua msimbo. Hakuna kati ya haya linalohitaji bajeti mpya.

Toleo lijalo litatoka kwa wakati wake, kwani karakana ile haimsubiri mtu. Litatoka likiwa na Kiswahili kilichoandikwa na yeyote aliyejitokeza, nacho ndicho watoto wetu watakachokisoma kila wanapofungua skrini. Tusipokuwapo, tusije tukalalamika kwamba kimeharibiwa.