MCA, uliza swali la pili

Kifungu cha 195 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazipa kamati za mabunge ya kaunti nguvu za Mahakama Kuu za kumlazimisha shahidi afike. Mara nyingi nguvu hizo zinalala. Mwakilishi wa wadi (MCA) anauliza kwa nini zahanati iliyokwisha kupakwa rangi haina dawa wala muuguzi. Spika anaipa kamati kazi ya kutafuta jibu. Waziri wa afya wa kaunti anaomba muda, kisha analeta barua ya aya moja: suala linashughulikiwa. Kamati inaridhika!

Hapo ndipo swali la pili lingefaa. Zabuni ya zahanati hiyo alipewa nani? Amelipwa kiasi gani? Nani alitia saini kwamba kazi imekamilika? Lakini mwakilishi anayemtegemea gavana amletee barabara wadini huwa mpole ghafla (safari za mafunzo ughaibuni tusizitaje).

Spika aweke tarehe ya jibu, nalo lije na stakabadhi, lisomwe kikaoni. Waziri akikwepa, aitwe kwa nguvu za sheria, na gavana asimkingie kifua.