Tusiichome rutuba ya ardhi yetu



Ndugu msomaji, mashamba mawili yaweza kupakana, yakanyeshewa mvua moja na kutiwa mbolea ya mfuko mmoja, kisha moja likastawi na jingine likadumaa. Mara nyingi siri ya tofauti hiyo imo katika mboji, yaani ile sehemu nyeusi ya udongo inayotokana na majani, mizizi na samadi vilivyooza. Wazee wetu waliitambua kwa rangi na harufu yake. Wataalamu wa leo wanaeleza kazi yake, na maelezo yao yanapaswa kutufanya tusite kila tunapotaka kuwasha moto shambani.

Mwaka 1786 mwanakemia wa Berlin, Franz Karl Achard, alichukua udongo mweusi wa bwawani, uliofanyika kwa mimea iliyooza, akauloweka katika maji yenye alkali. Maji yakawa meusi. Alipoyatia asidi, mashapo meusi yakajitenga. Mashapo ya namna hiyo ndiyo yaliyokuja kuitwa asidi ya humiki. Kile kinachobaki kimeyeyuka huitwa asidi ya fulviki, na kile kisichoyeyuka kabisa huitwa humini. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya asili ya vitu hivi. Mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber waliandika katika jarida la Nature kwamba udongoni hamna kundi la pekee la vitu vya humiki, bali mna mabaki ya viumbe yaliyo katika hatua mbalimbali za kuoza. Hata hivyo, athari ya mabaki hayo kwa mmea inaonekana.

Athari ya kwanza ni ya ghala. Mboji huhifadhi maji, na huzishika chembe za kalisi, magnesi na potasi zisichukuliwe na mvua. Huyafunga madini ya chuma na zinki kwa namna inayoiwezesha mizizi kuyapata. Katika udongo mwekundu wenye asidi, ambamo chuma na alumini huinasa fosforasi, mboji hushindana nayo, na sehemu ya fosforasi hubaki kwa ajili ya mmea.

Athari ya pili imo ndani ya mmea wenyewe. Utando wa seli za mzizi una vimeng'enya vinavyofanya kazi kama pampu, vikisukuma nje chembe za hidrojeni. Asidi za humiki huzichochea pampu hizo. Hapo ukuta wa seli hulegea, seli hurefuka, na njia za kuingizia chakula hupata nguvu. Mizizi ya pembeni huongezeka, mithili ya mmea uliopewa homoni ya kukua iitwayo oksini. Mmea hufyonza naitreti zaidi, na kuigeuza kuwa protini. Kwa hiyo mboji hulisha mmea, na pia huuamsha ule vizuri zaidi.

Je, nguvu hiyo yaweza kununuliwa ikiwa katika chupa? Swali hili lilifika katika kamati yetu ya msikiti, tulipojadili shamba la wakfu ambalo mahindi yake yamekuwa yakipungua. Dawa za humiki zipo madukani, na nyingi hutengenezwa kwa makaa ya mawe ya kahawia. Si uongo kwamba zaweza kusaidia: uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa uzito mkavu wa machipukizi uliongezeka kwa wastani wa asilimia 22, na wa mizizi asilimia 21. Lakini matokeo yalitofautiana sana kulingana na chanzo cha dawa, kipimo chake na hali ya udongo, na kipimo kikizidi chaweza kudumaza mmea. Isitoshe, matone ya chupa hayawezi kujaza ghala lililokwisha kuwa tupu.

Mjumbe mmoja akauliza: mabua ya msimu uliopita yako wapi? Yalikuwa yamechomwa. Moto huacha majivu yenye potasi na kalisi, hilo ni kweli, lakini kaboni ambayo ingekuwa mboji hupaa pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya naitrojeni huifuata. Tulikuwa tukijadili kununua kwa fedha za waumini kitu ambacho kila mwaka tunakiteketeza kwa kiberiti.

Kamati ikaamua kuanza na lundo. Nawe waweza kuanza nyumbani. Chagua mahali penye kivuli. Panga tabaka la majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa, kisha majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi na udongo kidogo. Rudia hivyo hadi lundo lifike kimo cha kifua. Nyama na mimea yenye magonjwa usivitie. Unyevu uwe kama wa nguo iliyokamuliwa. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi, likiwa jeusi, limevunjikavunjika na lina harufu ya ardhi iliyonyeshewa, liko tayari. Watoto na wapewe kazi ya kuligeuza, nao watajifunza zaidi ya kilimo.

Mboji haimalizi haja ya mbolea nyingine pale udongo ulipokonda sana, wala haijengeki kwa msimu mmoja. Ndiyo maana shamba la wakfu latuhusu kwa uzito wa pekee: aliyelitoa alikusudia liwafae hata watakaozaliwa baada yetu. Mavuno tuna haki ya kuyachukua, lakini udongo ni amana, nasi tumepewa tuutunze na kuwakabidhi wenzetu ukiwa hai.

Wabillahi tawfiq.